Bawa Juu ya Dirisha

Wassillie aliingia ofisini kwetu Anchorage
theluji ya Aprili ikimyeyukia mabegani,
akaweka picha mezani, akaigonga kwa kidole:
"Hii. Nataka kukodi hii."

Jeti nyeupe, pua kama sindano,
viti vya ngozi, bilauri zimepangwa
kana kwamba huko chini hakuna dunia.
"Miaka kumi na tisa nimechimba mafuta kaskazini.
Mama yangu harudi nyumbani kama gunia."

Sikumbishia. Kazi yangu ni kuuliza.
Mko wangapi? Wawili, na muuguzi.
Mama anaketi au analala?
Analala. Akiketi, pumzi humkimbia.
Kilo ngapi? Hapo akatazama kando.
"Alikuwa sabini. Sasa thelathini na nane."
Nikaandika thelathini na nane.
Kuna siku kalamu huwa nzito kuliko abiria.

Kisha swali ambalo jeti hazilipendi:
kijijini kwenu, uwanja una urefu gani?

Akacheka kidogo. Changarawe ile
baba yake alisaidia kuimwaga.
Mita mia nane, ukihesabu na matope,
na mwezi huu yanayohesabika zaidi ni matope.
Jeti inataka lami, inataka mara mbili ya hapo;
injini zake zikimeza kokoto, basi tena.
"Itatua Bethel," nikamwambia. "Halafu?"
Halafu mto. Na Kuskokwim mwezi wa Aprili
si barafu ya kubeba gari
wala maji ya kubeba mashua.

Tukaanza kushuka, ndege moja baada ya nyingine.
Ya injini mbili inafika, ila mlango wake mwembamba:
machela itabidi isimamishwe,
na mtu hapitishwi wima kama godoro.
Ya kutua majini? Maji bado yamefungwa.
Helikopta ingetua hata uani kwa jirani,
lakini ni mbali, na kwa mtetemo ule
mgonjwa angefika mifupa inalia.

Ikabaki ile ninayoiweka mwisho wa orodha
kwa kuwa naijua sura ya mteja akiiona:
injini moja, panga boi puani,
magurudumu manene kama ya trekta,
ubavuni mlango wa kupitisha jokofu.
Jana yake ilibeba mbwa kumi na mmoja na mabati.
Akauliza bei. Nikamtajia.
Uso ukamwanguka, wala si kwa ughali.
"Hiyo," akasema, "ni bei ya mizigo."

Cha mvunguni sharti uiname;
ila utamwambiaje hivyo mtu
aliyeinama miaka kumi na tisa
ili siku moja tu asimame?

Akampigia mama hospitalini, akaweka sauti wazi.
Bi Akalina aliongea Kiyupik, polepole,
akipumzika katikati ya maneno.
Mwana akajibu, akajibu tena, akanyamaza.
"Anauliza bawa liko juu au chini."

Sijawahi kuulizwa hilo.
"Anasema likiwa chini, ataliona bawa.
Likiwa juu, atauona mto."

Liko juu, nikasema. Mwambie liko juu.

Alhamisi rubani Torvik aling'oa viti vinne,
akafagia, akafunga mtungi wa oksijeni kwa mikanda,
akapita bondeni, katikati ya milima, si juu yake,
chini kadiri mapafu yale yalivyoweza kuvumilia.
Jeti ingetumia chini ya saa moja. Wao, karibu tatu.
Mafuta yalizidi hesabu yangu.
Nilipomuuliza alisema kuna kona ya mto
aliombwa aizunguke mara ya pili,
na hilo nisiliandike kwenye ankara.

Wiki iliyofuata Wassillie akapiga simu
kulalamika: blanketi la mama
lilijaa manyoya ya mbwa.
Nikaomba radhi, nikasema tutalipia dobi.
Kimya. Nikadhani laini imekatika.
"Hapana," akasema. "Nilitaka kulipukuta,
akanishika mkono."